Rimoti imezimwa, mota bado inanguruma: kisa cha ndege ya modeli Oldonyo Sambu

Ndege yenyewe ni ya wanaojifunza: mwili wa povu gumu, mabawa ya mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, mota moja puani, betri ya lithiamu ya seli tatu yenye mAh 2,200. Wenye nayo ni wawili, mwalimu wa fizikia wa sekondari moja hapa Arusha na kijana fundi simu ambaye ndiye anayeshika rimoti. Pa kurushia walichagua uwanda wa Oldonyo Sambu, magharibi mwa barabara ya Namanga, na katika hilo sina la kuwalaumu. Kisongo kuna uwanja wa ndege, mjini kuna nyaya na watu, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, haina mchezo na vitu vinavyoruka bila rubani karibu na njia za ndege. Uwandani kuna nafasi, majani mafupi, na mifugo unayoiona ukiwa mbali.

Walipofika dakika ya nne hewani, ndege ikiwa mbali kiasi cha mita 400 na inapinda kushoto taratibu, ilishtuka mara mbili tatu kisha ikaacha kuitika. Kijana akasukuma kijiti kulia, wapi. Akapunguza mwendo, wapi. Mwalimu, aliyekuwa na uhakika na maandalizi yao, akamwambia, "Dogo, zima rimoti. Ikikosa mawimbi mota itajizima, itashuka yenyewe." Kijana akazima. Mota ikaendelea kunguruma vilevile, sauti haikupanda wala kushuka, na ndege ikaendelea na miduara yake ya kushoto huku upepo wa mashariki ukiisukuma taratibu. Wakawasha rimoti, wakazima, wakawasha tena. Waliikimbilia kwa miguu hadi ikawa nukta, kisha hata nukta ikapotea.

Uhakika wa mwalimu ulikuwa na chanzo. Asubuhi ile, kabla ya kuondoka nyumbani, walikuwa wamefanya jaribio ambalo vijitabu vingi vya rimoti hulitaja: washa rimoti, chomeka betri ya ndege, zima rimoti, itazame mota. Walizima, mota ikakaa kimya, propela haikusogea hata kidogo. Wakahesabu kwamba failisefu iko sawa, yaani ile mipangilio inayoiambia ndege ifanye nini mawimbi ya rimoti yakipotea. Walichokiona mezani ni kweli walikiona. Shida ni kile walichodhani kimethibitishwa.

Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti kilicho ndani ya ndege, ikikosa mawimbi huwa na tabia moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kunyamaza: haipeleki amri yoyote kwa sevo, vile vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya mabawa na mkia, wala kwa kidhibiti cha mota. Ya pili ni kupeleka amri ulizoiwekea mapema, mota izimwe, mkia ukae hivi, bawa likae hivi. Ya tatu ni kung'ang'ania amri ya mwisho iliyoisikia na kuirudia bila kuchoka. Hii ya tatu ina faida yake mawimbi yakikatika kwa nusu sekunde, maana ndege haishtuki na rubani hata hajui kwamba kulikuwa na pengo. Yakikatika kwa dakika kumi, ndege inaendelea kutii amri ya mtu ambaye haisikii tena.

Sasa rudi mezani kwao. Walipozima rimoti, kijiti cha mwendo kilikuwa chini kabisa, kama ambavyo mtu yeyote mwangalifu angekiweka akiwa ndani ya nyumba na propela imefungwa. Amri ya mwisho iliyosikika ilikuwa "mota sifuri". Risiva ikaishika hiyo hiyo sifuri. Risiva iliyopangwa kuzima mota ingetoa jibu lile lile, na risiva inayonyamaza pia, kwa sababu kidhibiti cha kawaida cha mota kisipopata amri huizima. Tabia tatu tofauti, mezani zinaonekana kitu kimoja. Jaribio ambalo haliwezi kushindwa halipimi chochote. Nilipomwambia mwalimu hivyo alicheka kicheko cha uchungu, maana ndicho anachowaeleza kidato cha tatu kila mwaka wanapoanza maabara.

Ndege ilipatikana kesho yake. Layoni, wavulana wa Kimasai, waliokuwa wakichunga mbuzi waliikuta imejichomeka kwenye ua wa miiba wa boma moja, bawa moja limepasuka, mengine yote mazima. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa chini ya bawa kwa kalamu ya wino mzito, na mzee mwenye boma akapiga.

"Wewe ndiye mwenye hiki kindege?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, ni cha kwetu. Samahani sana."

"Marahaba. Kimetawanya mbuzi. Njoo ukichukue, na uje na sukari."

Walikwenda na sukari na majani ya chai, wakakaa karibu nusu siku. Jumatatu ndege ikaletwa kwangu.

Kabla ya kuifungua nilikuwa nimeshakisia kilichotokea, kwa sababu ya sauti. Wote wawili walisema mota haikubadilika hata mara moja, wakati kijana anahangaika na vijiti na hata rimoti ilipozimwa. Hapo mambo mengi yanajiondoa yenyewe. Kama risiva ingekosa umeme, kidhibiti kingekosa amri na mota ingekatika. Kama risiva ingekuwa ya kunyamaza, vilevile. Kama ingekuwa imepangiwa kuzima, ingezima. Mota inayoendelea kwa sauti ile ile maana yake kuna kitu ndani ya ndege kinachoendelea kuiambia "robo tatu, robo tatu, robo tatu". Na miduara ya kushoto inasema hivyo hivyo: mawimbi yalikatika wakati kijana ameegemeza kijiti kushoto kidogo, amri hiyo ikabaki, na kwa kuwa mabawa ya ndege hii yameinuka kwenye ncha, haikuviringika ikaanguka bali ilitulia kwenye mpindo mmoja.

Kuthibitisha hakukuchukua muda. Nilitoa propela, nikamwambia kijana aishike ndege kwa mikono miwili mezani, nikapandisha kijiti hadi theluthi, mota ikazunguka, nikazima rimoti. Ikaendelea kuzunguka. Tuliisikiliza kwa muda, hakuna aliyesema kitu, kisha nikachomoa betri.

Lakini kwa nini risiva ilikuwa na tabia hiyo, wakati kijana anaapa kwamba mwezi uliopita aliipangia kuzima mota? Anasema kweli. Tatizo ni kwamba aliipangia risiva nyingine. Ile ya kwanza ilipigwa na maji ya mvua, akanunua mpya, akaioanisha na rimoti, ndege ikaitika vizuri, akaona kazi imekwisha. Kuna rimoti ambazo hubeba mipangilio ya failisefu zenyewe na kuituma kwa risiva, na kuna mifumo ambayo mipangilio hiyo huhifadhiwa ndani ya risiva pale unapooanisha au unapobonyeza kitufe chake. Huu wao ni wa aina ya pili. Risiva mpya ilitoka kwenye boksi na tabia yake ya kiwandani, na hakuna menyu iliyomwonya. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kuudhi kuliko yote katika vifaa hivi: kuoanisha kunakupa kila ishara ya mafanikio, taa inatulia, sevo zinacheza, na kile kitu pekee ambacho hutakiona mpaka siku ya balaa ndicho kimefutika.

Halafu kuna swali la mawimbi yenyewe. Mita 400 kwenye uwanda mtupu si umbali wa kushinda mfumo mzima wa GHz 2.4. Nilifungua kifuniko nikakuta antena mbili za risiva. Moja ilikuwa imepita kwenye tundu lenye ukingo mkali na waya wake ulikuwa umekatika karibu na shina, pengine tangu siku ya kufungwa. Ya pili ilikuwa nzima, ila imekunjwa na kulazwa chini ya betri. Urefu wa wimbi la GHz 2.4 ni sentimita 12.5, na sehemu ya antena inayofanya kazi ni ile ncha ya mwisho iliyo wazi, robo ya urefu huo, kama milimita 31. Ncha hiyo ukiilaza chini ya betri ni sawa na kumwambia mtu asikilize huku umemziba sikio. Antena mbili zinawekwa ili moja ikifichwa na mwili wa ndege nyingine ione, ndiyo maana hupangwa kwa pembe ya nyuzi 90. Hapa moja ilikuwa imekufa na nyingine imefichwa. Ile mishtuko miwili mitatu ya mwanzo ilikuwa mawimbi yakija na kukatika jinsi ndege ilivyogeuka. Kadiri upepo ulivyoisogeza mbali, hata hayo machache yakaisha.

Watu wengi wangeishia hapo: antena mbovu, badilisha, rusha. Mimi nasema antena ndiyo iliyowaondolea ndege mkononi, lakini failisefu ndiyo iliyoamua itaangukia wapi. Tuhesabu. Ndege hii ikitembea kawaida hula kama ampea 8, kwa hiyo betri inaipa dakika 16 hivi. Nne zilikuwa zimetumika, zikabaki 12. Upepo ulikuwa wa mita 5 kwa sekunde, kwa makisio yao. Ndege inayozunguka mduara haiendi popote yenyewe, inabebwa na upepo tu: dakika 12 kwa mita 5 kwa sekunde ni kilomita 3.6. Boma la mzee liko kilomita tatu na kitu. Hesabu na ardhi vinakubaliana. Sasa chukulia kwamba mawimbi yangekatika sekunde chache mapema, ndege ikiwa imenyooka na upepo uko mgongoni. Kwa mwendo wake wa mita 15 kwa sekunde, ukijumlisha upepo, dakika 12 zingeipeleka zaidi ya kilomita 14. Na kama upepo ungekuwa wa magharibi, katikati ya njia yake kuna barabara ya Namanga yenye mabasi na malori. Kitu cha kilo moja chenye propela inayozunguka kikigonga kioo cha mbele cha basi si mchezo tena.

Ingekuwa imepangiwa kuzima mota na kupinda, je? Kutoka mita 100 juu, ikizunguka bila mota na kushuka mita 2 kila sekunde, ingefika chini ndani ya sekunde 50, na upepo ule ungeisogeza mita 250 tu. Wangeifikia kwa miguu.

Kwa hiyo kazi ilianza. Antena ilibadilishwa, tundu likasuguliwa ukingo na kuwekwa kipande cha mrija laini, ncha moja ikaelekezwa juu na nyingine pembeni, mbali na betri na waya za mota. Bawa liligundishwa. Kisha kijana akaingia kwenye mipangilio, na hapo nikashuhudia mtego ambao naamini umeshawanasa wengi. Rimoti yao huonyesha kila chaneli kwa asilimia, kutoka -100 hadi 100. Kijana alifika kwenye chaneli ya mwendo, akaandika 0, akabonyeza kitufe cha risiva kuhifadhi. Sifuri, si ndiyo mota imezimwa? Tukapandisha kijiti, tukazima rimoti, mota ikabadilika sauti ikatulia kwenye nusu. Kwenye kipimo hicho 0 ni katikati. Amri inayokwenda kwa kidhibiti cha mota ni mdundo wa umeme, maikrosekunde 1,000 kwa chini kabisa na 2,000 kwa juu kabisa. 0 inatoa 1,500, na kidhibiti kinaisoma kama nusu ya nguvu. Kuzima ni -100. Zipo pia rimoti ambazo mwelekeo wa chaneli ya mwendo umegeuzwa, na hapo namba unayoiona inaweza kuwa kinyume cha unachotaka, kwa hiyo usiamini namba, amini mota. Propela ilikuwa kwenye droo muda wote huo. Sioni sababu ya kuirudisha kabla kila kitu hakijakwisha.

Baada ya mwendo yanafuata mabawa na mkia, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Kuzima mota peke yake hakutoshi, kwa sababu ndege nzuri ya kujifunzia huelea. Ikiachwa imenyooka inaweza kusafiri mita nane au kumi mbele kwa kila mita moja inayoshuka, maana yake kutoka mita 100 inakwenda karibu kilomita nzima hata bila upepo. Inatakiwa ipinde. Tuliweka eleroni (vibao vya kwenye mabawa) kushoto kidogo, usukani wa mkia kushoto zaidi kidogo, na elevata (kibao cha mkia cha kuinua na kushusha pua) juu kiasi kidogo ili pua isizame. Namba sizitaji, kwa kuwa si za kunakili. Kila ndege ina zake. Ukizidisha, ndege inaingia kwenye mzunguko mkali na kufika chini kwa kasi. Ukipunguza, inaondoka na upepo. Mimi napendelea ianguke karibu na ivunjike kidogo kuliko ielee vizuri hadi kwenye paa la mtu. Kijana hakubaliani nami, na ndege ni yao.

Utajuaje kuwa namba ulizochagua zinafanya unachotaka, bila kukata mawimbi hewani? Wapo wanaozima rimoti ndege ikiwa juu, wahesabu hadi tatu, wawashe. Sipendi, kwa kuwa rimoti nyingine huchukua sekunde kadhaa kuamka na kushikana tena na risiva, na katika sekunde hizo huna kitu mkononi. Tulifanya hivi: namba zile zile tuliziweka kwenye swichi ya rimoti, ukiibonyeza mota inazima na mabawa yanakaa kama yatakavyokaa mawimbi yakipotea, ukiirudisha, ndege ni yako. Kijana alikwenda Oldonyo Sambu asubuhi na mapema, kabla ya upepo na chamchela za saa nne, akapanda hadi juu vya kutosha, akabonyeza. Mara ya kwanza ilipinda kwa upana mno. Akaongeza usukani, akabonyeza tena, ikashuka kwa miduara mizuri kama mita 40 upana. Ndipo namba hizo zikahamishiwa kwenye risiva, na jaribio la mezani likarudiwa upya: propela imetolewa, kijiti nusu, vijiti vingine vimesukumwa kulia, zima. Mota ikakatika, mabawa yakaenda kushoto. Hapo unaona kitu kikibadilika, na huwezi kukichanganya na kitu kingine.

Jaribio la umbali nalo lilifanywa, na hilo halina mengi: rimoti inawekwa kwenye hali ya nguvu ndogo, unasogea hatua 30 hivi, mwenzako anageuza ndege pande zote huku wewe unachezesha sevo. Lingefanywa baada ya kubadilisha risiva, ile antena iliyokatika ingejulikana siku hiyo hiyo. Ikumbukwe tu kwamba failisefu haiokoi ndege ambayo risiva yake imekosa umeme. Sevo zikivuta kuliko uwezo wa kidhibiti kuzilisha, volti tano ambazo kidhibiti huzipa risiva na sevo zinaporomoka, risiva inazimika, na mpangilio wowote ulioandikwa ndani yake hautekelezwi.

Mwalimu sasa anataka hatua ya pili: kompyuta ndogo ya kuongozea yenye GPS, ili mawimbi yakikata ndege igeuke na kurudi yenyewe. Ni wazo zuri, na programu ya ArduPilot inafanya hivyo miaka mingi sasa. Kwa ndege za mabawa, mipangilio yake ya awali hungoja sekunde 1.5 kabla ya hatua ya muda mfupi na sekunde 5 kabla ya ile ya muda mrefu. Ila sekunde hizo zinaanza kuhesabiwa kompyuta ikijua kwamba mawimbi yamekata, na inayopaswa kuiambia ni risiva. Risiva inayong'ang'ania amri ya mwisho haisemi. Kompyuta inaona amri safi zinaingia bila kukoma, inadhani rubani ametulia tu, na hairudishi ndege popote. Kwa hiyo risiva lazima ama inyamaze kabisa, ama ishushe chaneli ya mwendo hadi chini ya pale kijiti kinapoweza kufika; kiwango cha awali cha ArduPilot ni maikrosekunde 950, na kijiti kikiwa chini kabisa kwa kawaida kinatoa kama 1,000. Ile -100 tuliyoweka inaishia hapo hapo kwenye 1,000, kwa hiyo mpangilio unaofaa kwa ndege ya leo hautafaa siku kompyuta itakapofungwa.

Kisha kuna urefu wa kurudia. ArduPilot huanza na mita 100, lakini ni mita 100 juu ya mahali ulipoanzia, na kule Oldonyo Sambu ardhi inapanda kadiri unavyoelekea Mlima Meru. Ndege ikipotelea upande wa mlima na kurudi kwa mita 100 za uwandani, inaweza kukutana na mteremko kabla ya kukutana na mwenyewe. Kijana amesema ataweka 200. Mwalimu amemwomba kwanza wapitie ramani yenye mistari ya mwinuko, wapime, halafu ndipo waandike namba.